Mahali Tembo Alipozama

Mji wa Dodoma umebeba jina la ajali. Wazee wa Kigogo husimulia kwamba tembo alishuka kunywa maji kwenye kijito cha Kikuyu, jina ambalo siku hizi ni la kata za mjini, akakanyaga pasipofaa na kuzama kwenye tope hadi akashindwa kutoka. Waliomkuta wakasema *idodomya*: amezama, amedidimia. Wengine wana kisa chenye utani zaidi. Wanasema wenyeji waliiba ng'ombe wa Wahehe, wakawachinja na kuwala, kisha wakaisimika mikia yao kwenye tope. Wenye mali walipofika wakaonyeshwa mikia na kuambiwa: ng'ombe wenu hao, wamedidimia.

Kisa cha pili kina ujanja, lakini ujanja wake haufanyi kazi mpaka msikilizaji awe anaifahamu ardhi yenyewe. Wahehe wale hawakudanganywa na watu peke yao. Walidanganywa na udongo ambao kila mtu alijua unaweza kumeza ng'ombe. Mji mkuu wa Tanzania unaitwa kwa jina la njia iliyomshinda mpitaji, na yeyote aliyewahi kushika usukani wa pikipiki nje ya lami ya Dodoma hahitaji kufafanuliwa zaidi.

Uwanda wa kati umeinuka mita 1,100 hivi juu ya usawa wa bahari, na mvua yake ni haba: milimita 570 kwa mwaka, zikizidi ni kidogo, karibu zote zikinyesha kati ya Desemba na Aprili. Miezi inayobaki ni ya jua, upepo na vumbi. Kwa hiyo njia moja ya kijijini huishi maisha mawili. Mwezi Agosti vumbi jekundu limejaa ndani ya mashimo mpaka juu, laini kama unga wa sembe, shimo lisionekane. Gurudumu la mbele linatumbukia ghafla na usukani unapigwa pembeni kama mtu aliyekwidwa mkono. Mwezi Februari njia ileile imekuwa sabuni. Aliyeizoea kiangazi anaanza kujifunza upya.

Mwaka 1935 mtaalamu wa udongo aitwaye Geoffrey Milne, aliyekuwa akifanya kazi katika kituo cha utafiti wa kilimo cha Amani, kwenye milima ya Usambara, alieleza jambo ambalo wanafunzi wa udongo duniani kote wanalisoma mpaka leo. Katika safari zake za Afrika Mashariki aligundua kwamba udongo haubadiliki ovyo. Ukishuka kutoka kilimani hadi bondeni unakutana na aina fulani za udongo kwa mpangilio fulani, na kilima kinachofuata kinaurudia mpangilio huohuo. Akauita katena, neno la Kilatini lenye maana ya mnyororo.

Mwendesha pikipiki anayetoka Dodoma kwenda Mvumi au Hombolo anaupita mnyororo huo mara nyingi kwa siku bila kuuita jina lolote. Juu kabisa pana majabali ya graniti, yale yaliyokaa kwenye vilima vya Dodoma kama mizigo iliyosahauliwa na wapagazi. Chini yake ni changarawe, vipande vya majabali hayohayo yaliyopasuliwa na jua na maji. Hapo tairi haizami lakini pia haishiki. Inabiringika kama mtu aliyekanyaga mahindi makavu kwenye sakafu. Kisha udongo mwekundu, mzuri kuliko wote ukiwa mkavu na haujavurugwa na malori. Chini zaidi mafuriko yameacha mchanga. Bondeni kabisa ni mbuga: udongo mweusi unaopasuka kiangazi mpaka mguu wa mbuzi unaingia ufani, na mvua ikinyesha unavimba, unanata, unajaza nafasi kati ya tairi na madigadi hadi gurudumu linagoma kuzunguka. Pembeni mwa haya yote kuna miiba ya mgunga na mbigiri, inayongoja mpira wa ndani.

Kila kiungo cha mnyororo kinadai mwili mwingine. Kwenye changarawe breki ya mbele haiguswi ila kwa kidole kimoja, na kwa adabu. Kwenye mchanga dereva husogea nyuma, akauacha usukani ucheze mikononi, na asipunguze mafuta hata moyo ukimwambia apunguze, maana gurudumu la mbele likielemewa linajichimbia kaburi. Kwenye mbuga mambo yanageuka: gia ndogo, mwendo wa taratibu, miguu ikielea karibu na ardhi tayari kwa lolote. Lakini shida kubwa iko kwenye maungio, pale udongo mmoja unapokwisha na mwingine unapoanza. Kasi iliyomvusha mtu kwenye mchanga ndiyo itakayomwangusha hatua ishirini mbele, kwenye tope. Waendeshaji wa mbio wanapoisifu njia kuwa ni ya kiufundi, hicho ndicho wanachokisema: njia isiyomruhusu mtu kukaa na uamuzi mmoja.

Tena udongo ni nusu tu ya habari. Nusu nyingine ni kazi ya magurudumu.

Madereva wa uwanda wa kati wanayajua vizuri yale matuta madogo yaliyopangana kukatisha barabara ya changarawe, moja baada ya jingine kama mawimbi, yanayotikisa taya na kulegeza kila nati. Lawama hutupiwa malori, au shokapu mbovu, au mkandarasi. Mwaka 2007 wanafizikia watatu, Nicolas Taberlet, Stephen Morris na Jim McElwaine, walichapisha matokeo ya jaribio lao: kitanda cha mchanga cha mviringo, kikizunguka chini ya gurudumu moja dogo. Hapakuwa na lori wala dereva mzembe. Mchanga ulikuwa umesawazishwa vizuri, lakini mwendo ulipovuka kiwango fulani mawimbi yalijitokeza yenyewe, na yalijitokeza hata pasipo shokapu. Gurudumu huruka juu ya kituta kisichoonekana, linatua na kuchimba, linasukuma mchanga mbele, na la nyuma yake linakikuza kilichoanzishwa. Dawa pekee ni kwenda polepole mno, mwendo ambao hakuna mwenye haraka atakayeukubali.

Uwanja wa motokrosi hufanywa hivyohivyo na wanaoutumia. Asubuhi umechongwa na kumwagiwa maji, kona ni laini. Mizunguko kumi baadaye, kabla ya kila kona kumechimbika mashimo pale ambapo kila mtu anakamata breki, na ndani ya kona kumetokea mifereji ya kina cha goti. Mwendeshaji hodari hatafuti tena njia aliyoikariri asubuhi. Anaisoma upya kila akizunguka, kwa kuwa wenzake wameiandika upya mbele yake. Kwa hilo, uwanja wenye vibendera na watazamaji na njia ya ng'ombe ya kule Bahi, mkoani Dodoma, ni ndugu wa damu.

Pikipiki zenyewe si wageni wa jana hapa. Aprili 1916, katika Vita vya Kwanza vya Dunia, Jenerali Jaap van Deventer wa Afrika Kusini aliwaongoza wapanda farasi wake kutoka upande wa Arusha na kuuteka mji wa Kondoa Irangi. Mvua ikawafungia hapo. Barabara ya nyuma yao ikageuka tope, magari ya chakula yakakwama, farasi wakafa kwa wingi kwa ugonjwa wa mbung'o, na Mei wakashambuliwa na majeshi ya Kijerumani ya Lettow-Vorbeck. Hawakuweza kusonga kusini mpaka ardhi ilipokauka. Dodoma, pamoja na reli yake iliyofika mwaka 1910, waliiingia tarehe 29 Julai. Katika divisheni ya van Deventer walikuwamo askari wa pikipiki wa Afrika Kusini. Mashine za enzi zile kwa kawaida hazikuwa na springi kwenye gurudumu la nyuma. Springi zilikuwa chini ya kiti, na mgongo wa mwanadamu ukafanya kazi iliyobaki. Mzigo halisi wa vita vile ulibebwa na wapagazi, maelfu kwa maelfu, kwa miguu yao, kwenye njia hizohizo ambamo magurudumu yalizama.

Miaka 18 baadaye wanawake wawili wa Kiingereza, Theresa Wallach na Florence Blenkiron, waliondoka London tarehe 11 Desemba 1934 kwa pikipiki ya Panther ya sentimita za ujazo 600, yenye kibehewa cha pembeni na tela nyuma. Walikata Sahara bila dira, wakapita Kongo, wakashuka Kenya na Tanganyika, na kufika Cape Town tarehe 29 Julai 1935. Wallach alikuja kukipa kitabu chake jina linalotaja barabara mbaya kabla ya kutaja kitu kingine chochote. Pikipiki yenye kibehewa na tela huacha alama tatu au zaidi za magurudumu, na katika njia yenye mifereji miwili iliyochimbwa na magari, kila alama inavutwa kwenye mfereji wake. Aliyewahi kuvuta mkokoteni kwenye makorongo anaweza kukadiria walivyolala wakiwa hoi.

Wakati huohuo, huko Ulaya, ugumu ulikuwa umeanza kutafutwa kwa makusudi. Mwaka 1924, huko Camberley kusini mwa Uingereza, klabu ya pikipiki iliandaa mbio za porini zilizohesabiwa baadaye kuwa mwanzo wa motokrosi. Afrika Mashariki ilipata michezo yote miwili, wa kuzunguka uwanjani na wa kuvuka nchi. Inasimuliwa kwamba mashindano ya magari ya Safari yalizaliwa kwa sababu Neil Vincent wa Kenya alichoka kuzunguka uwanja uleule. Alitaka kufunga mlango wa gari, avuke nusu ya Afrika na kurudi, na wa kwanza kufika awe mshindi. Mwaka 1953 mashindano hayo yakaanza, yakipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Kwa pikipiki, viwanja kama Garuga karibu na Entebbe, Busiika kaskazini mwa Kampala, na Jamhuri Park jijini Nairobi viliendeleza ladha nyingine: ugumu uliojengwa kwa katapila, wenye miruko iliyopimwa, watu wa vibendera kila kona, na gari la wagonjwa likiwa limewashwa tayari.

Pikipiki inayoingia viwanja hivyo huwa na injini ya zaidi ya nguvu za farasi 50 ikiwa ni ya daraja kubwa, haina taa wala kiti cha abiria, na shokapu zake huteremka karibu sentimita 30 kabla ya kugonga. Boxer ya kijiweni Dodoma ina nguvu za farasi 12 hivi na shokapu zisizofika nusu ya hizo, tena nusu yake imeshaliwa na mzigo kabla safari haijaanza.

Boxer kama hiyo inaposhuka kwenye mto wa mchanga, saa nne asubuhi, mwezi Agosti, mambo huenda namna hii. Nyuma kuna kreti mbili za zabibu zilizofungwa kwenye keria kwa vipande vya mpira wa ndani wa tairi. Kati ya kreti na dereva amekaa mama mwenye mtoto mgongoni. Kijana anasimama ukingoni, anazima injini, na kwa muda hafanyi lolote. Anaangalia. Mto hauna maji juu. Maji yako chini ya mchanga, ambako akina mama wamechimba visima vya kuteka kwa kata. Kuna alama za magurudumu tano au sita zinazovuka. Mbili zimekwenda moja kwa moja na katikati zimetanuka na kuwa shimo: hao walikwama. Moja imezunguka mbali upande wa juu, karibu na mizizi ya mkuyu, ambako mchanga una unyevu na umeshikana.

"Mama, shuka kidogo, niivushe kwanza."

"Haya mwanangu. Angalia zabibu za watu."

Anaishika ile alama ya mkuyuni, gia ya pili, makalio yamesogea mpaka yanagusa kreti. Wanamichezo hupunguza upepo wa tairi mahali kama hapa ili ikanyage pana. Yeye hawezi: hana pampu, na kilomita 20 mbele safari hiyohiyo inaishia kwenye lami. Hatua kumi kabla ya ng'ambo gurudumu la nyuma linaanza kuchimba. Hapigi resi. Anayepiga resi hapo anaizika mashine mpaka kwenye cheni. Anashuka huku injini inanguruma kwa chini, anatembea pembeni yake, klachi ikikamatwa na kuachiwa kwa vidole viwili, kama anamwongoza punda mkaidi. Kutoka ukingo wa pili mwenzake aliyefika akielekea mjini ameshateremka bila kuitwa, amekamata keria, na anasukuma. Wakitoka, wanaegesha, wanarudi wote wawili kuivusha ya yule wa pili. Hakuna aliyetoa wala kudai senti. Mama anavuka kwa miguu, viatu mkononi.

Mwaka 2015, kwenye mlima wa machimbo ya chuma wa Erzberg nchini Austria, ambako kila mwaka waendeshaji 500 hupanga mstari kujaribu mojawapo ya mbio ngumu kuliko zote za enduro, wanne waliokuwa mbele walifika kwenye mteremko wa msituni ambao hakuna hata mmoja aliyeweza kuupanda peke yake. Graham Jarvis, Andreas Lettenbichler, Alfredo Gómez na Jonny Walker, wapinzani wa miaka, waliacha kushindana, wakazivuta pikipiki zao moja baada ya nyingine kwa mikono, na wakakata utepe pamoja. Wote wanne wakatangazwa washindi. Magazeti ya michezo yaliiandika habari hiyo kama kioja. Kwenye mito ya mchanga ya Ugogo ni asubuhi ya kawaida.

Ulinganisho huo una mpaka wake, na ni haki kuutaja. Wanne wale walikwenda Erzberg kwa hiari, na jioni walikuwa na mahali pa kuoga. Kijana wa zabibu ana hesabu ya kumpelekea mwenye pikipiki, au mkataba ambao haujali kwamba mkono wa klachi umevunjika. Uwanjani, mtu akianguka, gari la wagonjwa linamfuata alipo. Kwenye korongo, pikipiki yenyewe ndiyo gari la wagonjwa: ndiyo inayombeba mjamzito usiku wa mvua, dereva mbele, ndugu nyuma akimshikilia. Mwanamichezo huulipia ugumu ambao mwanakijiji ameuombea dua uondoke. Mtu anaweza kuvutiwa na ustadi wa yule kijana bila kuutamani umaskini wa barabara uliomfundisha.

Na uwanda huu umejitahidi kwa muda mrefu kuitibu ardhi yake. Huko Mpwapwa maji yanayotiririka na kubeba udongo yalianza kupimwa tangu miaka ya 1930. Mwaka 1973 ulianza mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, HADO, na mwaka 1979 ng'ombe, mbuzi na kondoo wakaondolewa katika eneo la Kondoa lililoliwa na mmomonyoko, ili nyasi zirudi kwenye kuta za makorongo. Anayepita leo nyanda za Irangi huona korongo lenye kina cha nyumba ya ghorofa likiwa limefunikwa na vichaka. Yale makorongo mekundu yalipokuwa wazi yangekuwa ndoto ya mjenzi wa uwanja wa motokrosi. Kwa mkulima yalikuwa shamba lililokwenda na maji.

Halafu lami ikaja. Aprili 2018, katika kijiji cha Bonga karibu na Babati, Rais John Magufuli alizindua barabara ya Dodoma hadi Babati, kilomita 251, sehemu ya ile njia ya kale ya kaskazini–kusini inayotajwa kutoka Cairo hadi Cape Town. Safari ya Kondoa iliyokuwa ikila siku nzima wakati wa mvua sasa ni ya saa chache, na basi halina tena jembe na mnyororo chini ya viti. Kuzunguka jiji, barabara ya mzunguko wa nje ya kilomita 112.3 imechimbwa ikikata vilima na mbuga bila kujali mnyororo wa Milne: pale udongo mweusi ulipokuwa uliondolewa, kikamwagwa kifusi kingine, na juu yake pakawa sawasawa. Kijana anayejifunza pikipiki Dodoma leo anaweza kumaliza mwaka mzima bila kuigusa mbuga. Atajua kupenya foleni ya Mtumba. Huenda asijue kwa nini baba yake, akifika mahali udongo unapobadilika rangi, huondoa mguu kwenye gia na kusimama kidogo juu ya vikanyagio.

Lakini lami ni uzi mwembamba tu. Ukitoka nje yake mita mia tatu, upande wowote, mnyororo uko pale pale: jabali, changarawe, wekundu, mchanga, weusi. Kule mtoni jua limeinama. Ng'ombe wanashuka kwa mamia kunywa kwenye visima vya mchangani, mbuzi nyuma yao, na mvulana mwenye fimbo anapiga mluzi. Kwato zinasaga kila alama ya gurudumu iliyokuwapo, ile ya mkuyuni, zile za waliokwama, na mashimo yote waliyochimba. Giza linapoingia mchanga umekuwa tambarare, wenye nukta nukta, kana kwamba hakuna chombo kilichowahi kupita. Kesho saa kumi na mbili asubuhi, dereva wa kwanza atakayefika ukingoni atazima injini, ataegesha, na kutembea kwa miguu mpaka ng'ambo, akikanyaga kwa kisigino, kabla ya kurudi kuiwasha.